Siku Nilipojipandisha Daraja Mwenyewe

Jamani, habari hii huwa siisimulii kwa hiari, na nikiwa Myamba siisimulii kabisa, maana kule kila mtu ana yake na wengine wanaisimulia vizuri kuliko mimi niliyeitenda. Lakini kwa kuwa leo mmeniuliza wenyewe kwa nini watu wa kule juu wakiniona wanaweka kiganja sikioni na kutabasamu (mlidhani ni salamu, siyo?), basi nitawaeleza, mcheke mmalize, kisha tuongee mambo mengine.

Naitwa Eliamini, fundi redio na televisheni pale Same mjini, kazi niliyoifanya miaka ishirini na kitu, na katika kufungua na kufunga redio za watu ndipo nilipopata ugonjwa wa redio ya ridhaa. Hii siyo redio ya kusikiliza taarifa ya habari. Ni redio ya upepo, unaongea na kujibiwa, na wanaokujibu ni watu wenye wazimu kama wako, wako Dodoma, wako Mombasa, wako nchi ambayo hata ukioneshwa kwenye ramani utadhani ni wino umedondoka, na hamwongei jambo lolote la maana, mnaulizana tu kama mnasikika vizuri na kama mvua imenyesha, kisha mnaagana kwa furaha kama ndugu waliopoteana utotoni. Serikali inataka uwe na leseni, na leseni haipatikani bila mtihani.

Leseni ya kwanza, ya daraja la chini, niliipata kihalali kabisa, naomba hilo liandikwe mahali. Inakuruhusu kuongea na watu wa karibu, wewe uko Same na mwenzako yuko Makanya, mnasikilizana vizuri, lakini mlima ukikaa katikati, habari imekwisha. Na sisi huku tumejaliwa nini kama si milima? Daraja la juu ndilo linalokuruhusu kutumia mawimbi yanayopanda angani, yakagonga huko na kurudi chini mbali, yanaruka Upare yote kana kwamba haipo. Redio ya kufanyia hivyo nilikuwa nayo, niliachiwa na mhandisi mmoja aliyehama, na sheria iliniruhusu kuisikiliza lakini si kuongea. Miaka miwili nimekaa pale kibandani nawasikia watu wakiongea na dunia, mimi nimefumba mdomo kama mtu aliyealikwa harusini akaambiwa asiguse chakula.

Basi nikasoma, nikaenda Moshi kufanya mtihani wa kupanda daraja, nikamaliza kabla ya wenzangu wote, nikatoka nje nikiwa nimevimba kichwa. Tukaambiwa matokeo yatachukua wiki kadhaa.

Sasa hapa ndipo anapoingia shemeji yangu Zakaria.

Zakaria ni kaka wa mke wangu, anakaa Myamba, analima tangawizi, na ni katibu wa kamati ya maafa ya kijiji. Kamati hiyo ina kazi kweli, msidhani ni ya kukaa tu. Mvua zikichachamaa kule juu barabara inaporomoka, mnara wa simu unazima, na Myamba inabaki peke yake mlimani siku mbili tatu, mtu akiugua hakuna wa kumwambia. Kwa hiyo kamati pamoja na mchungaji walikuwa wanafikiria kuweka redio ya upepo kati ya zahanati yao na Same, wakawa wanatafuta mtaalamu mwenye daraja la juu awaoneshe jinsi inavyofanya kazi.

Ilikuwa Alhamisi, niko kibandani, mkono mmoja nimeshika chuma cha kulehemu, mteja amesimama mbele yangu ananung'unika, simu nimeibana kwa bega, Zakaria ananiuliza, "Shemeji, ule mtihani wako vipi, umeshapanda daraja?"

Nikasema, "Tayari."

Neno moja. (Kwa kujitetea, mtihani nilikuwa nimeshaufanya, kwa hiyo mtu angeweza kusema nilimaanisha hivyo. Mke wangu hajawahi kusema hivyo.) Ningeweza kusema bado, lakini yule mteja alikuwa ananisikiliza, na halafu, niwe mkweli, nilikuwa na uhakika nimefaulu, nikaona tofauti ya kufaulu na kutangazwa kufaulu ni mambo ya makaratasi tu.

Jumapili yake mchungaji wa Myamba akalitangaza kanisani. Jumatatu nikasikia kwamba nilikuwa wa kwanza Moshi. Jumatano nilikuwa wa kwanza kanda nzima ya kaskazini, na nadhani kama wangepewa wiki moja zaidi ningekuwa wa kwanza bara lote. Mama yangu mzazi, ambaye anakaa palepale Myamba na ambaye simu huwa anaishika kama anashika yai, akanipigia mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia umekuwa mkubwa wa redio."

"Mama, siyo mkubwa hasa..."

"Nimeshawaambia akina mama wenzangu. Jumapili ijayo unakuja kutuonesha, tunapika makande."

Sasa niambieni, nyie mngesema nini? Yule mama alininunulia betri za redio yangu ya kwanza. Nikasema sawa mama, nakuja.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa amekaa pale anachambua mchele wa Kihurio. Hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Baba Neema, matokeo yametoka?"

"Yatatoka kabla ya Jumapili."

"Umeyaagiza?"

Lakini msidhani nilikuwa mjinga wa kwenda bila mpango, mpango nilikuwa nao, na mpaka leo nauheshimu. Nitakwenda Myamba na redio, nitafunga waya vibaya makusudi, niuweke chini chini, nitaita mara mbili tatu kwa nguvu ndogo kabisa, hakuna atakayenisikia, nitawaeleza kwamba leo hali ya anga imegoma (jambo linalotokea kweli, hata wakubwa huwatokea), tutakula makande, nitashuka zangu Same, na matokeo yakitoka nitapanda tena nikiwa mtu halali. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimemdanganya mtu mmoja tu, Zakaria, kwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa linakaribia kuwa kweli.

Jumapili ikafika. Tulipoingia uwanja wa kanisa mimi na Mama Neema, baada ya ibada, nikakuta watu hawajaondoka hata mmoja. Viti vimetolewa nje, kwaya bado imevaa sare, sufuria tatu za makande zinatoa mvuke nyuma ya nyumba ya mchungaji, mama yangu amewekwa mstari wa mbele amevaa kitenge alichokuwa anakiweka kwa ajili ya siku ambayo haijulikani, na Zakaria anakuja mbio kunipokea huku anacheka mdomo mzima.

"Shemeji, usihangaike na waya, nimeshauweka!"

"Umeuweka wapi?"

Akanyoosha kidole juu. Jamani, nilikuwa nimemtumia ule waya wa antena siku mbili kabla, kwa kosa la kujifanya mtu wa maandalizi, na Zakaria alikuwa ameupandisha mwenyewe mpaka juu ya mnara wa kengele, akafunga ncha moja kwenye gogo linaloshikilia kengele, ncha nyingine akaivusha uwanja mzima hadi kwenye kilele cha mti wa mgrevilea ulioko ukingoni mwa bonde. Umenyooka, uko juu, hakuna kizuizi mbele yake hadi tambarare. Nimefunga antena nyingi maishani mwangu, sijawahi kufunga nzuri kama ile. Na ili watu wote wasikie, alikuwa ameshaunganisha waya mwingine kutoka mezani kwangu kwenda kwenye spika za kwaya, zile kubwa, mbili.

Nikakaa. Nikawasha. Anga lilikuwa safi kiasi kwamba hata mkwaruzo haukuwepo.

Mchungaji akaomba kwa kifupi, akashukuru kwa kipaji cha mtoto wa Myamba aliyefika daraja la juu, watu wakasema amina (mimi pia nilisema, naungama), kisha akaniashiria nianze. Nikapunguza nguvu ya redio mpaka mwisho, nikashika maiki, nikaita kwa sauti ya mtu anayeongea na panya.

"Kaza sauti, mwanangu," mchungaji akasema. "Huku nyuma hatusikii."

Nikakaza kidogo. Nikataja herufi zangu za wito, nikasema naita kituo chochote, nikaachia kitufe, nikahesabu moja, mbili, nikaanza kuandaa uso wa masikitiko. Kabla ya tatu, spika zikasema, kwa sauti ya mama mmoja tulivu, safi kama amekaa kwenye kiti cha tatu kutoka mbele:

"Kituo kinachoita, nakupata vizuri sana. Uko wapi?"

Uwanja ulilipuka. Vigelegele, makofi, mpiga kinanda akapiga kipande cha wimbo bila kuombwa, mama yangu akasimama akageuka nyuma ili watu wamwone vizuri. Mimi nikabonyeza kitufe nikasema niko Myamba, milima ya Pare, asante mama na kwaheri, nikidhani nimetoka salama. Nilikuwa nimeshaanza kunyoosha mkono kuzima.

Zakaria akanipokonya maiki.

"Mama, usiondoke!" akasema, maana alikuwa ameniona nikibonyeza na yeye akabonyeza. "Huyu unayeongea naye ni shemeji yangu, Eliamini, fundi wa Same! Kapanda daraja la juu majuzi tu, kwenye mtihani wa Moshi, na alikuwa wa kwanza!"

Mnajua ule ukimya wa redio, unaosikia kabisa kwamba mtu yuko upande wa pili na anafikiri.

"Mtihani wa Moshi," yule mama akasema. "Wa mwezi uliopita?"

"Huohuo!"

"Na matokeo ameyapata kwa nani?"

Zakaria akanigeukia, uso umejaa heshima. "Anauliza matokeo umeyapata kwa nani."

Nikasema, "Mwambie... kwa wahusika."

"Kwa wahusika!" Zakaria akampelekea.

"Basi ni ajabu," sauti ikasema, bila hasira yoyote, na hicho ndicho kilichoniumiza zaidi, "kwa sababu mhusika ni mimi. Karatasi za mtihani huo ziko hapa mezani, nilikuwa namalizia chai nianze kuzisahihisha. Eliamini, si ndiye aliyetoka wa kwanza akaondoka na kalamu yangu?"

(Nilikuwa nimeondoka nayo. Ya bluu. Ilikuwa mfukoni mwa shati langu wakati huohuo.)

Sijui kama mmewahi kunyamaziwa na watu mia mbili kwa mkupuo mmoja. Kwaya ilininyamazia kwa sauti zote nne. Pale mbele mama yangu, ambaye masikio yake siku hizi si mazuri, akamwinamia jirani yake, "Anasema mwanangu amefaulu?" na jirani, akijitahidi kunong'ona kwa mtu asiyesikia, akapiga kelele, "Anasema bado hajasahihisha!"

Hapo akili iliniruka. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, kuzima redio, lakini badala ya kunyoosha mkono na kuzima kama mtu mzima nikaruka kumnyang'anya Zakaria maiki, nikaipata, nikageuka, mguu ukaingia kwenye waya uliokuwa unashuka kutoka kwenye antena, nikaanguka nao. Nikaanguka kifudifudi, maiki iko chini ya kifua changu, kitufe kimebonyezwa, na mimi mwenyewe sijui, nikapiga kelele, "Zakaria umeniua! Sina leseni ya huku! Nilijua hakuna atakayejibu!"

Maneno yote hayo yakapanda angani, yakagonga huko, yakarudi chini popote yalipopenda kurudi.

Na waya haukukatika, maana Zakaria hufunga vitu kama anafunga ng'ombe. Kila nilipojitahidi kuutoa mguu niliuvuta, waya ukavuta gogo, gogo likatikisa kengele. Ng'aa. Nikavuta tena. Ng'aa, ng'aa. Watu walikuwa wananiambia tulia, Eliamini, tulia, na mimi ndiyo kwanza napiga mateke.

Sasa lazima muelewe kengele ya Myamba. Asubuhi ya Jumapili inaita ibada, hiyo kila mtu anajua. Lakini ikilia alasiri, saa ambayo haina ibada, ina maana moja kati ya mbili: kuna moto au kuna mtu amefariki. Haikupita muda nikiwa bado nimenaswa mguu mmoja, watu wakaanza kutokea kwenye migomba. Wametoka mashambani na majumbani, wengine wa madhehebu mengine kabisa, wana majembe, wana ndoo za maji, akina mama wamejifunga kanga kichwani tayari kwa kilio, na wanaume wanne kutoka ng'ambo ya bonde wamekuja mbio na machela. Mzee mmoja akafika anahema, akavua kofia, akauliza kwa majonzi, "Ni nani?"

Watu wote wakanitazama. Mimi niko chini.

Wenye machela wakaiweka kando yangu.

Ikabidi mchungaji achukue kipaza sauti cha kanisa, akakohoa, akasema maneno ambayo naambiwa mpaka leo yanarudiwa kwenye vijiwe vya kahawa, tangu Myamba hadi Kihurio:

"Ndugu zangu, poleni kwa kukimbia. Hakuna aliyefariki. Ni Eliamini tu."

Wakanifungua. Nilipoinuka kitufe kikaachia, na zile spika, ambazo hakuna aliyekumbuka kuzizima, zikaongea tena.

"Nimesikia kengele. Kuna aliyeumia?"

Zakaria hakuthubutu kugusa maiki. Nikaiokota mwenyewe. Nilikuwa na vumbi mdomoni, shati limechanika begani, na katika maneno yote ya Kiswahili niliyofundishwa na kujifundisha, lililokuja lilikuwa moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sasa ondoka kwenye masafa haya, Eliamini. Jumatano njoo Moshi. Uje na kalamu."

Makande tulikula, ndiyo. Na wale wa machela walikula pia, maana hungeweza kuwarudisha hivihivi. Mama yangu alinipakulia mwenyewe, akajaza sahani hadi juu, akaniketisha karibu naye, akaningoja nimalize. Kisha akasema, "Ungeniambia bado. Ningewaambia bado. Kwani wangekimbilia wapi?" Nawaambieni, kuanguka mbele ya watu kunauma siku moja, hilo neno lilinikaa kooni wiki nzima. Mama Neema yeye alinishonea tu lile shati kwa uzi wa rangi nyingine, uonekane.

Jumatano nikaenda Moshi. Yule mama mtahini ni mhandisi mstaafu, mdogo wa umbo, anavaa miwani iliyofungwa kamba. Akanikaribisha nyumbani kwake sebuleni, akanipa chai, akapokea kalamu yake akaijaribu kwenye gazeti kama bado inaandika, kisha akavuta karatasi yangu.

"Umefaulu," akasema. "Tena vizuri."

Nikafunua mdomo nishukuru.

"Subiri. Swali la kumi na nne. Nisomee jibu lako."

Swali lilikuwa linauliza kwa maoni ya mtahiniwa, mwenye leseni ya daraja la chini akikutwa anaongea kwenye masafa ya daraja la juu, achukuliwe hatua gani. Nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko mzuri ajabu, na kwa kalamu yake: *Afungiwe kutumia redio miezi sita. Aombe radhi mbele ya wote aliowadanganya. Asionewe huruma, kwa kuwa mtu wa namna hiyo anaharibu jina la wenzake.*

"Nilikupa alama zote," akasema. "Hilo la huruma halimo kwenye kitabu chochote, lakini nililipenda. Nitaiandikia ofisi ya leseni wafuate mapendekezo yako."

"Mama," nikasema, "wakati naandika pale sikuwa..."

"Najua. Wote huwa tunaandika hivyo tukimwandikia mtu mwingine. Kunywa chai, inapoa."

Nikafungiwa miezi sita. Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani Myamba baada ya matangazo, nikaomba radhi, kwa mchungaji, kwa kamati, kwa Zakaria (ambaye alilia, sijui kwa nini yeye), na kwa wale wa machela. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa mbili, nikasoma mistari mitatu nikashindwa, nikasema tu, nilisema nimefaulu wakati sijui, nisameheni. Nyuma kabisa mtu akasema, "Tumekusamehe, ila kengele usiiguse," kanisa zima likacheka, hata mchungaji, wengine wakaweka kiganja sikioni kama wanaotega sauti ya redio, na nilivyosikia ule mvumo wa kicheko nikajua kwamba nitaishi, ingawa si kwa raha.

Hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba kamati wangeona redio ni upuuzi, wakaacha, na mvua zikija watu wakafa kwa sababu ya mdomo wangu. Hilo ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi, si aibu. Lakini mchungaji alikuwa ameisikia ile sauti ya mama mtahini ikija safi namna ile kutoka Moshi, na akili yake ikashika hapo. Akamwandikia barua ya kumwomba apande Myamba awafundishe. Mama akaja, na miwani yake ya kamba, akafundisha Jumamosi nane mfululizo. Wanafunzi walikuwa watano: mchungaji mwenyewe, Zakaria, muuguzi wa zahanati anayeitwa Nakunda, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na Mama Neema.

Ndiyo, mke wangu. Niliambiwa siku ileile alipokuwa anafunga daftari kwenye mkoba. Nikauliza, tangu lini unapenda redio? Akasema, "Siipendi. Nataka nyumba hii iwe na mtu mmoja mwenye leseni."

Mimi katika mafunzo hayo nilikuwa mbeba waya. Kupanda miti niliruhusiwa, kuongea hapana. Mama mtahini alikuwa akifika kwenye somo la masafa anasema, "Mfano wake mnaufahamu," na wote watano wanaandika bila kuuliza. Walipofanya mtihani, Nakunda na Mama Neema walipata daraja la juu kwa mkupuo mmoja, mchungaji na mwalimu daraja la chini, na Zakaria naye la chini, kwa hiyo kwa mujibu wa sheria sasa anaruhusiwa kupiga kelele hadi Kihurio tu.

Mwezi wa tano wa kifungo changu mvua zikaja. Barabara ikaporomoka kwenye kona mbili, mnara ukazima, na siku ya pili asubuhi redio kibandani ikaita, ni Nakunda. Alikuwa na mama aliyejifungua usiku na damu haikatiki, dawa iliyokuwepo inaelekea kuisha, anataka hospitali ijue na ilete nyingine mpaka pale barabara ilipokatika, watu wa Myamba watashuka kwa miguu kuipokea. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye stuli yangu, mbele ya redio yangu, ndani ya kibanda changu, anaandika jina la dawa herufi moja moja na kumrudishia Nakunda aihakikishe, sauti haitikisiki hata kidogo. Mimi niliyesoma mawimbi miaka ishirini nilikuwa nimesimama nyuma yake nimemshikia mwavuli, kwa sababu bati linavuja.

Akachana karatasi akanipa. "Kimbia," akasema.

Nikakimbia. Jamani nilikimbia hadi hospitali na kandambili moja, ile nyingine ilibaki kwenye tope la sokoni. Gari likaondoka na dawa, ikapokelewa mlimani, na yule mama yuko hai, mtoto wake namjua. Kule juu wakisimulia siku hiyo wanasema, Nakunda aliita, Mama Neema akajibu, na kuna mtu alipeleka karatasi.

Nimeapa, na naapa tena mbele yenu: jambo langu lolote ambalo halijafika mikononi mwangu likiwa na muhuri, na sijalisoma mara mbili, sitalisema kwa mtu, si kwa simu, si kwa mteja, si kwa mama yangu mzazi. Kifungo kilipokwisha, leseni ya daraja la juu ililetwa kwa bahasha. Nikaifungua peke yangu, nikaisoma, nikaiweka kwenye droo ya koleo na bisibisi, nikaendelea kulehemu. Zikapita wiki mbili. Siku moja Mama Neema anatafuta koleo, akaiona, akaitoa, akaisoma yote, akanitazama juu ya karatasi.

"Kumbe imetoka? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nahakikisha," nikasema.

"Unahakikisha nini wiki mbili?"

"Kama ni yangu."